Bosi Kaniambia Nina "Nerve": Nishukuru au Niombe Radhi?

Jumatatu usiku nilikuwa nimeshazima kompyuta, simu ikalia. Ni msomaji wangu mmoja, ameniomba nisimtaje, basi hatutamtaja. Aliandika hivi: "Dada, pole kwa kukusumbua usiku. Leo kikaoni nimemwambia bosi mbele ya watu kwamba hesabu za ripoti yake hazilingani. Tulipotoka akaniambia nina nerve. Rafiki yangu anasema hilo ni tusi. Nimeshaandika barua ya kuomba radhi. Niitume?"

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikatikia kooni, maana neno hilo na mimi tuna kesi ya zamani.

Nilimjibu kwa mstari mmoja: niletee maneno aliyosema bosi, yote, kama yalivyomtoka, usinifupishie na usinitafsirie. Nikakaa kusubiri. Jibu halikuja, usingizi nao ukaniruka, ndipo nikaona heri niwaandikie ninyi kisa ambacho kwa miaka nimekuwa nikikizunguka tu. Najua wengi mnaosoma hapa mnataka kile ninachokitaka mimi: kuandika Kiingereza ambacho mwenyewe akikisoma hasiti, hajui kama aliyekiandika alijifunza ukubwani. Basi sogeeni.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kupata kazi za kutafsiri kwa njia ya mtandao. Mhariri wangu alikuwa mama mmoja Mwingereza, mtu mzima, wa maneno machache. Kazi mbili za mwanzo alizipokea bila neno. Ya tatu akairudisha ikiwa nyekundu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na chini yake barua ndefu. Hakunificha kitu. Aliniambia natafsiri maneno, sitafsiri maana. Aliniambia sentensi zangu zinanuka kamusi. Aliniambia nina kipaji lakini nina haraka, na haraka hiyo itanimaliza.

Nililia kidogo, nikanawa uso, nikaisoma tena. Safari ya pili niliona kitu kingine: huyu mama angeweza kunyamaza, akanilipa na asiniite tena. Badala yake alikaa akaniandikia kurasa mbili. Hata walimu wangu hawakuwahi kuniambia ukweli namna ile. Nikataka kumshukuru, na nimshukuru hasa kwa kuthubutu kwake kunieleza yasiyopendeza kusikika.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Neno "courage" nilikuwa nalijua, nalijua tangu shule. Lakini nililiona la kitoto, la kwenye vitabu vya mazoezi. Nilitaka neno la wenyewe, neno lenye makali. Nikafungua kamusi, nikakutana na "nerve". Mbele yake palikuwa na maneno matatu ya Kiswahili, la kwanza likiwa ujasiri. Nikaishia hapo hapo. Nikamwandikia, na sentensi ile naikumbuka neno kwa neno mpaka leo: "You have a nerve to tell me all this. Thank you so much."

Kwa aliyezaliwa na Kiingereza, nilichomwandikia ni hiki: "Huna haya wewe, kuniambia mambo yote haya! Ahsante sana." Na ile ahsante ndiyo iliyozidisha moto, maana baada ya maneno kama yale shukrani husomeka kuwa kejeli.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya nne kimya. Siku ya kumi ikaja barua ya mstari mmoja na nusu: kazi iliyobaki amepewa mtu mwingine, ananitakia kila la heri.

Miezi iliyofuata naiacha, haina simulizi. Nilidhani nimefukuzwa kwa ubovu wa kazi, nikajifunza kwa hasira, na hasira ni mwalimu mzuri kwa wiki mbili hivi. Nilikuja kuujua ukweli karibu mwaka mzima baadaye, nikiwa nakisimulia kisa hicho kwa mwalimu mmoja wa Kiingereza. Tena nilikuwa najisifu! Nilikuwa nataka aone jinsi nilivyokuwa muungwana, mtu ananikosoa nami namshukuru. Nilipoitaja ile sentensi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani nikafungua kamusi ile ile, ukurasa ule ule. Neno la tatu lilikuwa ufidhuli. Lilikuwepo pale muda wote, vidole viwili kutoka lile nililolichukua.

Bado linaniuma, siwafichi. Naelewa alivyokasirika. Ila najiuliza, mtu aliyejua kabisa kwamba Kiingereza nimekikuta ukubwani, mtu aliyenifundisha kwa kurasa mbili kwamba maneno si maana, kwa nini naye alisoma maneno akaacha maana? Swali moja tu lingetosha. "Ulimaanisha nini?" Lakini tuliache hilo, nimesema nitatoa ushauri.

Turudi kwenye neno lenyewe, maana nimelichimba kama mtu anayetafuta pete aliyoiangusha.

"Nerve" limetokana na Kilatini, nervus, na huko halikuwa na habari ya ujasiri wala ya wasiwasi. Lilikuwa ukano, ile nyuzi ngumu inayoshika msuli kwenye mfupa. Lilikuwa pia upote wa upinde, kwa sababu upote ulitengenezwa kwa kano za wanyama. Wagiriki nao kwa neno lao neuron walimaanisha hicho hicho. Ilibidi waje waganga wa Alexandria, akina Herophilus, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, wapasue miili ndipo wakatenganisha ukano unaovuta mfupa na uzi unaopeleka hisia. Neno likabaki moja kwa vyote viwili.

Msiwacheke. Sisi mshipa wetu unabeba mzigo mzito zaidi. Mshipa ni njia ya damu, mshipa ni ukano, mshipa wa fahamu ndiyo hiyo neva yenyewe, na mzee akikwambia anasumbuliwa na mshipa usimpeleke kwa daktari wa moyo, anazungumzia ngiri.

Kutoka kwenye ukano ndipo nguvu ilipotoka, na kutoka kwenye nguvu ukatoka ujasiri. Mwenye "nerve" ni mtu aliyekazwa kama upinde, halegei. Maana hiyo ya zamani bado imejificha kwenye usemi "strain every nerve", yaani kujikamua nguvu zote. Hapo hakuna anayezungumzia mishipa ya fahamu, ni kano zile zile. Na kwa upande mwingine, wataalamu walipozidi kueleza kwamba nyuzi hizi ndizo zinazobeba hisia, na kwamba zikiugua mtu hutetemeka, neno lile lile likaanza kubeba udhaifu. Samuel Johnson aliliwahi likiwa katikati ya safari. Katika kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, "nervous" kwanza kabisa ni mtu mwenye nguvu, aliyekakamaa; maana ya mtu mwenye neva dhaifu au zenye maradhi anaiweka mwisho, tena kama maneno ya mtaani ya waganga. Leo mwambie mtu kwamba ni "nervous" uone kama atakushukuru kwa kumsifu nguvu zake. Ile ya mwisho imeila ile ya kwanza.

Na si hapo tu. "Nervy" kwa Mmarekani ni mtu anayethubutu kupita kiasi, hajali. Kwa Mwingereza "nervy" ni mtu mwenye kimuhemuhe, mlango ukigongwa anaruka. Neno moja, bahari moja katikati, watu wawili wasiofanana kabisa.

Sasa lililoniponza mimi. Niliamini kwamba ukishajua maana ya neno umelimaliza. Kumbe neno hili maana yake imebebwa na vijineno vidogo vinavyolizunguka, vile ambavyo sisi tunavidharau kwa sababu Kiswahili hakina: "a", "the", "some", na ile "s" ya wingi.

Likiwa la umoja na lina mwenyewe, "my nerve", "her nerve", hapo mara nyingi ni ujasiri safi. "I lost my nerve": moyo uliniishia. "She held her nerve": hakuyumba. Sikilizeni watangazaji wa mpira wakati wa penalti. Mpigaji akifunga baada ya kipa kumchezea akili, wanasema "he held his nerve", hawasemi ana nguvu wala ana shabaha, wanasema moyo wake ulibaki mahali pake.

Likiwa la wingi, limegeuka. "Nerves" peke yake ni wasiwasi: wa mtihani, wa kupanda jukwaani, wa siku ya harusi. "He gets on my nerves" ni kwamba ananikera, sauti yake tu naisikia kwenye mifupa. Linaloniudhi ni kwamba "nerves of steel", neva za chuma, ni la wingi nalo ni sifa. Kila kanuni ya Kiingereza ina mtoto wa nje.

Likiwa na "a", "some", "a lot of", na mbele yake "you've got", kaa chonjo. "You've got a nerve" ya Mwingereza na "you've got some nerve" ya Mmarekani ni ndugu, na yote mawili ni kama mtu anakuambia: uso wako mkavu! Na mtu akitamka "The nerve!" tu, peke yake, akivuta pumzi, ujue kuna aliyevuka mpaka.

Hapa ndipo nilipokuja kushtuka, na nadhani nyote mtashtuka. Kwetu mtu asiye na haya tunasema hana mshipa wa aibu, au mshipa wake wa aibu umekatika. Kosa lake ni kukosa mshipa. Kwa Mwingereza kosa la mtu huyo huyo ni kuwa nao! Sisi mshipa tunaouona ni ule unaomzuia mtu, wao wanauona ule unaomsukuma. Ningelijua hilo mapema, ningeshuku kwamba mshipa hautafsiriki kwa mshipa. Soma sentensi nzima, ndilo ninalowaambia. Msichukue neno, chukueni sentensi.

Kuna umbo moja limebaki, nalo ndilo gumu kuliko yote: "have the nerve to". Angalieni mambo haya mawili. "I didn't have the nerve to ask him." Sikuthubutu kumuuliza. Hapo ni ujasiri tu, umekosekana, hakuna tusi. Sasa liondoe kanusho: "He had the nerve to ask me for money." Amethubutu kuniomba hela! Hapo tayari ni lawama. Kwenye kukanusha ni ujasiri, kwenye kukubali mara nyingi ni ufidhuli.

Na mkitaka kulielewa bila kukariri, msihangaike na Kiingereza, chukueni thubutu yetu. "Sikuthubutu" ni maneno ya mnyonge anayejieleza. "Umethubutu!" ni mtu amesimama, mkono kiunoni. (Na "Thubutu!" peke yake ni mlango umefungwa usoni kwako.) Kwa hiyo tulikuwa na ufunguo nyumbani siku zote, tunauomba kwa jirani. Ile sentensi yangu ya aibu ningeitafsiri kwa "umethubutuje kuniambia yote haya", mikono yangu yenyewe ingekataa kuituma.

Nimewaza sana kwa nini iwe hivyo, na nililofikia ni hili: kinachoamua ni nani anaumia. Ukithubutu jambo ambalo likiharibika litakugonga wewe, wanakuita jasiri. Ukithubutu jambo linalonigonga mimi, nakuita fidhuli. Kitendo kinaweza kuwa kile kile. Msomaji wangu na hesabu zake kikaoni: kwa wenzake waliokaa kimya ni shujaa, kwa bosi inategemea bosi ana roho gani.

Mkitaka kusifu mtu na hamtaki kucheza kamari, Kiingereza kina mapishi mengine, na karibu yote yametoka tumboni mwa mnyama, sijui kwa nini. "Guts" ni utumbo, na "it took guts" ni sifa ya mtaani, ya kishujaa. Usimwandikie askofu, lakini rafiki yako atafurahi. "Pluck" lilikuwa jina la moyo, ini na mapafu ya mnyama aliyechinjwa, likaja kuwa ujasiri wa mtu mdogo anayepambana na mkubwa. Siku hizi lina harufu ya vitabu vya zamani. "Gall" ni nyongo, na "had the gall to" ni tusi kila siku, mchana na usiku, halina upande wa pili. "Nerve" limekaa katikati ya utumbo na nyongo, ndiyo maana linachagua upande kwa kutegemea umeliweka wapi. Na "courage", lile nililoliona la kitoto, limepitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la moyo. Moyo! Sisi tunaopiga moyo konde, tunaojipa moyo, tunaokaza moyo, neno letu lilikuwa pale, rahisi, salama, nikaliruka kwa majivuno. "It took courage to tell me this." Maneno saba. Ningekuwa bado na kazi.

Naona nimeanza kulia tena. Niwape la furaha.

Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa kazi kubwa ya kutafsiri, kubwa kuliko zote nilizowahi kuzishika. Watatu upande wa pili wa skrini, mmoja hacheki. Yule asiyecheka akaniuliza kwa nini maombi yangu yalifika saa moja kabla ya kufungwa. Nilikuwa na jibu la uongo, lile la mtandao kusumbua. Nikaliacha. Nikasema: "I lost my nerve twice before I pressed send." Moyo uliniishia mara mbili kabla sijabonyeza.

Akacheka. Yule asiyecheka, akacheka kwa sauti. Akasema karibu kila mtu humo ndani alituma siku ya mwisho, hakuna aliyesema sababu. Kazi nikaipata, na ndiyo inayonilisha mpaka sasa. Sisemi niliipata kwa sentensi moja, nilifanya na jaribio na nililifanya vizuri sana, tusidanganyane. Lakini neno lililoninyima mkate ndilo lililokuja kunipa, na siku ile nilitamani yule mama awe mmoja wa wale watatu.

Ndugu zangu, acheni kujificha nyuma ya maneno makubwa. Hili nalisema kwa uchungu. Nasoma barua mnazonitumia niwahakikie, nakuta mtu ametafuta neno ambalo hata yeye halijui, kwa sababu anaogopa lile analolijua litamfanya aonekane mdogo. Mimi nilikuwa hivyo. Anayejiamini hutumia neno dogo na kulipanga vizuri. Neno jipya ukikutana nalo, usilitume siku hiyo hiyo. Lisubiri. Litafute kwenye sentensi za watu kumi tofauti, uone wanalitumia wakiwa na hasira au wakiwa na furaha. Kamusi soma mpaka neno la mwisho la mstari. Na soma sentensi nzima, nimesema mara ngapi? Nitasema tena: sentensi nzima. Na mkikosolewa, vumilieni, msijibu siku ile ile mkiwa na machozi na kamusi mkononi, hivyo viwili havikai pamoja. Na ninyi mnaosahihisha kazi za wengine, kwa kuwa najua wapo humu, kabla hamjamkata mtu riziki yake kwa neno moja, ulizeni. Kuuliza hakumalizi heshima ya mtu.

Nilikuwa nimefika hapa, saa sita na nusu, simu ikalia. Msomaji wangu. Bosi alisema hivi: "That took some nerve."

Niliisoma mara mbili kwa furaha. "Some" ndiyo ile ile, lakini kitenzi si "got", ni "took". "It takes nerve" ni kwamba jambo hilo linadai moyo, na "that took some nerve" ni kwamba lilidai moyo mwingi, nawe ulikuwa nao. Hakumtukana. Alikuwa anamvulia kofia, tena mtu aliyeumbuliwa mbele ya watu wake! Nikamwandikia haraka kabla hajalala: ni sifa, dada, ni sifa tupu, ichane ile barua ya kuomba radhi.

Akajibu baada ya dakika mbili. Keshaituma tangu saa mbili usiku.